Asipoliwa, atakuwaje?

Samaki aliyetoka kwenye wavu alikuwa na kichwa cha mzee na mwili wa mtoto. Alikuwa besi wa kinywa kipana, sentimita 25 hivi kutoka pua hadi mkia, tumbo limeingia ndani, mgongo umekonda hadi mfupa unahesabika chini ya kidole. Mwenye bwawa alimpasua palepale ukingoni. Tumboni mlikuwa na vipande vya kereng'ende na ute mtupu.

Na maji yaliyokuwa mbele yetu yalijaa samaki. Perege walipita makundi kwa makundi, wakitimka kila vivuli vyetu vilipoyagusa maji.

Mla samaki alikuwa akifa njaa katikati ya samaki.

Mwenye bwawa ni rafiki yangu wa siku nyingi, naye alikuwa ameshaamua dawa: aongeze samaki wadogo. Kuna mtu alikuwa tayari kumletea vidagaa wa mchanganyiko, wale wanaouzwa kwa wavuvi wa ndoana kama chambo hai. Angewamwaga humo, besi wanenepe.

"Kaka, wewe niambie tu nilete aina gani," alisema.

Nilimwomba asimwage kitu mpaka nimjibu. Niliondoka na swali lake, na kwa wiki nyingi halikuniacha. Kila nilipodhani nimepata jibu, nilimkumbuka yule besi mwenye njaa na perege waliomzunguka, na jibu likaanguka.

## Kinywa ndicho kipimo

Besi hana meno ya kukata nyama. Hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na windo, na windo likamezwa zima. Njaa yake inaweza kuwa kubwa kiasi chochote, lakini mwisho wa yote upana wa kinywa ndio unaoamua. Windo linalomfaa zaidi huwa na urefu wa kati ya robo na theluthi ya urefu wake mwenyewe. Besi wa sentimita 25, basi, anatafuta samaki wa sentimita 6 hadi 8.

Umbo nalo lina neno lake. Samaki mwembamba aliyenyooka humezwa hata akizidi kidogo kiasi hicho. Perege ni habari nyingine: kimo chake kutoka mgongoni hadi tumboni ni kikubwa, na miiba ya pezi la mgongo husimama anapobanwa. Urefu uleule, lakini mmoja anapita kooni na mwingine anakwama.

Tuliwapima wale perege. Wengi walikuwa wa sentimita 11, 12, 13, na baadhi ya majike wa kimo hicho walishakuwa na mayai mdomoni. Vifaranga pia walikuwepo, lakini walikuwa wamejichimbia kwenye majani mazito ya ukingoni ambako besi hawezi kupenya. Katikati yao, kwenye saizi ile ambayo kinywa kilikuwa kikiingojea, palikuwa patupu.

Kuna mtu aliyelichunguza jambo hili maisha yake yote ya kazi. Homer Swingle, wa Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, alianza kufanya majaribio kwenye mabwawa miaka ya 1930. Njia yake ilikuwa ya wazi kabisa: maji yanatolewa bwawani mpaka yaishe, kisha samaki wote wanahesabiwa na kupimwa uzito. Mwaka 1950 alichapisha uwiano ambao wafugaji wengi bado wanautaja. Mabwawa yaliyokaa vizuri zaidi yalikuwa na kilo 3 hadi 6 za samaki wa kuliwa kwa kila kilo moja ya walaji.

Nilisimama kwenye uwiano huo kwa muda mrefu. Kwa kukisia kwa macho, bwawa la rafiki yangu liliuvuka mara kadhaa. Kwa kipimo hicho peke yake, besi wake walipaswa kunenepa.

Kilichonifungua macho ni kwamba Swingle hakuishia hapo. Alitenga hesabu ya pili: kati ya samaki wa kuliwa, ni uzito kiasi gani ulio wa wale wadogo ambao mlaji wa kawaida wa bwawa hilo anaweza kuwameza? Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa inakaribia sifuri kwa rafiki yangu. Perege wote wale waliokomaa walikuwa uzito usioliwa. Tena walikuwa wakila chakula kilekile ambacho vifaranga wao wangekitumia kukua.

Kuanzia hapo niliacha kuuliza bwawa lina samaki wangapi.

## Wanaokwisha na wanaofurika

Nilipoanza kuwapitia samaki wanaotumika kulisha wengine kwenye mabwawa, niliona kwamba karibu wote huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaoliwa hadi wakaisha. Wapo wanaozaa hadi wakafurika.

Mino kichwa-nene, Pimephales promelas, ni wa kundi la kwanza. Ni mdogo, mara nyingi hapiti sentimita 7 au 8, ni mwembamba, hana miiba ya kumsumbua mlaji na si mwepesi wa kukimbia. Dume hulinda mayai yaliyobandikwa chini ya mawe au vipande vya mbao. Kwa mlaji huyu ni mlo kamili. Ndiyo maana ukimmwaga kwenye bwawa lenye besi wakubwa wenye njaa, fedha yako imeliwa kabla hajapata nafasi ya kuzaa, na besi amepata shibe ya muda mfupi tu. Faida yake huonekana kwenye bwawa jipya: anatangulia miezi kadhaa, anazaa bila kusumbuliwa, na vifaranga wa besi wanapoingia wanakuta meza imeandaliwa.

Shaina wa dhahabu, Notemigonus crysoleucas, anastahimili zaidi. Anakaa maji ya wazi, anatawanya mayai yenye kunata kwenye majani, na anakua hadi kupita sentimita 20. Urefu huo una faida kwa besi wakubwa, lakini shaina mzee huwaponyoka walaji wadogo, na mayai ya samaki wengine hayapo salama mbele yake.

Blugili, Lepomis macrochirus, ndiye mhimili wa mabwawa ya besi huko Marekani. Sababu ni tabia yake ya kuzaa: jike hutaga mayai kwa maelfu, na katika msimu wa joto viota hufanywa tena na tena. Hivyo bwawani huwa kuna saizi nyingi kwa wakati mmoja, na kila kinywa kinapata chake. Utaratibu wa zamani ni vifaranga 10 wa blugili kwa kila kifaranga mmoja wa besi, blugili wakitangulia. Lakini yeye pia ana mwili mpana na miiba. Besi wakipungua, au majani yakizidi, blugili hufurika, hudumaa, na hula mayai ya besi waliopaswa kuwadhibiti.

Perege na sato wako hapo hapo, tena kwa kasi kubwa zaidi. Jike hubeba mayai mdomoni, kwa hiyo vifaranga wengi hupona. Maji yakiwa ya joto anaweza kuzaa tena baada ya wiki chache, na katika bwawa lililosongamana huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu na mwili mdogo. Kuna kitu kimoja kinachoweza kumzuia, nacho ni baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi uzazi husimama, na yakifika karibu na 10 au 12 sato hufa. Wapo wafugaji wa maeneo yenye majira ya baridi kali wanaoitumia hali hiyo kwa makusudi: sato huwekwa mwanzo wa joto, huzaa, na baridi inapoingia wanapooza na kuokotwa na besi. Pale ambapo baridi ya namna hiyo haiji, hakuna wa kukufungia mlango.

Shadi mdogo, Dorosoma petenense, anapendwa na wengi kwa wembamba wake na makundi yake ya maji ya wazi. Ila ni dhaifu mno. Magamba humtoka kwa kushikwa tu, na maji yakikaribia nyuzi 7 hufa kwa wingi. Ndugu yake mkubwa, Dorosoma cepedianum, hukua upesi kuliko kinywa kinavyoweza kumfuata. Kwenye bwawa dogo nisingemtia.

Nikaja kwa Gambusia, yule mdogo anayezaa watoto hai na aliyesambazwa sehemu nyingi duniani ili ale viluwiluwi vya mbu. Kwa besi mwenye kilo moja huyu hana maana, ni mdogo mno. Kwa samaki wengine wadogo ni adui: hung'ata mapezi na kula vifaranga wao. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lina orodha ya viumbe 100 wavamizi waliofanya uharibifu mkubwa, na Gambusia yumo. Nilipoisoma orodha hiyo niliwakuta humo pia besi wa kinywa kipana, sangara, kapu na perege wa Msumbiji. Walaji na waliwaji, wote kwenye karatasi moja.

Ni hapo swali la rafiki yangu lilipogeuka mkononi mwangu. Alikuwa ameuliza nani ataliwa vizuri. Mimi nilianza kuuliza jambo jingine kuhusu kila jina.

Asipoliwa, atakuwaje?

Mino asipoliwa anabaki mdogo, na mlaji atakayekuja kesho bado atammeza. Perege asipoliwa kwa miezi michache tu anakuwa mzazi asiyemezeka. Kapu mchanga, ambaye mara nyingi hujichanganya kwenye vidagaa vya chambo, asipoliwa anakuwa samaki wa kilo nyingi anayechimbua tope na kuyafanya maji yasione jua. Tofauti iliyopo kati yao haionekani ukiwatazama wakiwa wa sentimita 5.

## Chambo ni kitu kingine

Jambo hili lilinichukua muda kulitenganisha, kwa sababu sokoni ni samaki walewale.

Muuza chambo anahitaji samaki mgumu. Astahimili ndoo iliyojaa, hewa kidogo, joto la mchana, ndoana mgongoni, na bado apige mkia. Mino na shaina wamependwa na wavuvi wa Marekani kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Lakini hebu tazama sifa hizo upya. Samaki anayevumilia hewa haba, joto na msongamano ndiye hasa atakayepona akitoroka, akazaa, akaenea. Ugumu unaomfanya chambo bora ndio unaomfanya mgeni hatari.

Halafu kuna yale yanayosafiri naye. Maji ya ndoo hubeba mayai ya konokono, vipande vya magugu, vimelea na virusi. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, virusi vya ugonjwa wa VHS, unaovujisha damu ndani ya mwili wa samaki, viligunduliwa mwaka 2005, na hatua moja iliyofuata ilikuwa kuweka masharti makali juu ya kusafirisha samaki hai, chambo wakiwemo. Mvuvi anayemwaga chambo kilichobaki mwisho wa siku anadhani anawahurumia samaki. Nimeona watu wema wakifanya hivyo.

Neno "mchanganyiko" lilianza kunitia hofu kuliko yote. Mchanganyiko una maana kwamba hata anayeuza hajui anauza nini.

## Bwawa lina mlango

Rafiki yangu husema bwawa ni lake, na ni kweli. Lakini kila bwawa lina mahali maji yanapotokea mvua ikizidi.

Kapenta wa Ziwa Tanganyika, Limnothrissa miodon, alipelekwa Ziwa Kariba, lililotengenezwa kwa kuuzuia mto Zambezi, mwaka 1967 na 1968. Alistawi. Akawa chakula cha samaki-chui wa Zambezi, na akaanzisha uvuvi mkubwa unaolisha watu hadi leo. Kisha, Cahora Bassa, ziwa jingine la bwawa chini zaidi kwenye mto huohuo, lilipojaa miaka ya 1970, kapenta akaonekana humo pia. Hakuna aliyempeleka. Alishuka na mto, akalipita bwawa kubwa la zege, na akafika hai. Kama zege la Kariba halikumzuia, mchirizi wa kupunguzia maji wa bwawa la shambani utamzuia nani?

Habari ya kapenta wengi huiona kuwa njema. Ya blugili kule Japani haikuwa hivyo. Mwaka 1960 Akihito, wakati huo akiwa mwana mfalme, alitembelea Chicago, akapewa blugili kama zawadi. Alikuwa mtaalamu wa samaki kweli kweli, na nia ilikuwa kuwapatia watu chakula. Samaki wale walienea hadi Ziwa Biwa, wakawaelemea wenyeji wa ziwa. Mwaka 2007, akiwa mfalme tayari, alisimama hadharani akaeleza jinsi jambo hilo linavyomuumiza moyo. Habari hii hunigusa kila ninapoikumbuka. Mtu mwenye elimu ya samaki na nia safi hakuweza kuwarudisha.

Kwenye Ziwa Victoria mgeni alikuwa mlaji mwenyewe. Sangara walipowamaliza furu wengi katika miaka ya 1980, hawakutoweka pamoja nao. Waligeukia kamba wadogo wa ziwani, dagaa, na watoto wao wenyewe. Dagaa alibaki. Ni mdogo, anaishi muda mfupi, anazaa upesi, na hakai sehemu moja na walaji wake muda wote. Kwa yeyote anayechagua samaki wa kulisha wengine, sifa hizo zina uzito kuliko unono.

Kwa hiyo nikajiwekea masharti mawili kabla ya jina lolote. Samaki awe tayari anaishi kwenye mito ya bonde hilohilo, ili akitoroka asiwe mgeni. Na kibali kiwepo pale sheria inapokitaka, kwa maana nchi nyingi haziruhusu mtu kuhamisha samaki hai apendavyo, hata kuwaingiza kwenye maji yake mwenyewe.

## Nilichomjibu

Nilimwambia asiongeze samaki. Atoe.

Alinyamaza kidogo. "Yaani besi wana njaa, na wewe unasema nitoe chakula?"

Nilimwelewa. Hata mimi nilijadiliana na wazo hilo kwa siku nyingi kabla ya kulisema. Lakini wale perege wa sentimita 12 hawakuwa chakula cha mtu yeyote humo. Walikuwa wanamaliza kijani cha maji, ile mimea midogo inayoelea, na kuziba nafasi ya vifaranga kukua hadi saizi ya kumezwa. Tukavuta kokoro, tukawatoa wakubwa kwa wingi kadiri tulivyoweza, na besi wote tukawarudisha majini. Kisha tukafyeka majani ya ukingoni hadi yakabaki kama sehemu moja ya tano ya bwawa. Hatukuyang'oa yote, kwa sababu bila maficho vifaranga wangeliwa siku ileile na mwezi unaofuata pasingekuwa na kitu.

Nilipata shaka upande wa pili pia. Tukiwatoa perege kupita kiasi, besi watazaa sana, na mwaka ujao tutakuwa na kundi la besi wadogo waliokonda, wakigombea kilichobaki. Kipimo cha kutoa sikuwa nacho kichwani, na sidhani kinaweza kutolewa kwa kukaa mezani. Kinasomwa majini.

Kuhusu wale wembamba anaowatamani, tulikubaliana achimbe kibwawa cha pembeni. Humo ataweka aina moja tu, kutoka mto uleule unaolisha bonde, atakayoijua kwa jina, na itakaa peke yake wiki kadhaa ili ugonjwa ukiwepo uonekane. Wakizaa, atakuwa akihamisha sehemu ya vifaranga kidogo kidogo na kuwaacha wazazi. Kwa njia hiyo hata samaki wa aina ile inayoliwa ikaisha anaweza kudumu, kwa sababu kisima cha mbegu hakifikiwi na besi. Aelewe tu kwamba ni kazi ya kudumu. Ili besi aongeze kilo moja ya mwili kwa kula samaki, huhitaji takriban kilo 5 hadi 10 za windo. Kibwawa cha pembeni kitaongezea mlo, ila wa kulibeba bwawa zima watabaki perege wanaozaliwa humo humo.

Kama bwawa lingekuwa jipya, ningeanza kinyume na wengi wanavyoanza. Maji kwanza, yapate rangi ya kijani ya mimea midogo inayoelea. Kisha waliwaji, wazae msimu mmoja bila adui. Mlaji aje mwisho, akiwa mdogo, na kwa idadi ndogo kuliko moyo unavyotaka.

Msimu wa kuzaa ukipita tutavuta wavu mdogo wenye matundu madogo kando ya ukingo, kama Swingle alivyofundisha. Tutatazama vitu viwili tu: vifaranga wa perege wapo, na vifaranga wa besi wapo. Tukiwakuta wote wawili, na perege wa sentimita 12 hivi wakiwa wachache, tutaliacha bwawa. Tukikuta besi wachanga tele na hakuna perege mdogo hata mmoja, tutapunguza besi. Na perege wa sentimita 12 wakiwa bado wamejaa huku watoto wa besi hawaonekani, tutarudi na kokoro na kuwatoa tena.